Apite Tena Mtu wa Chuma Chakavu

Mtaani kwetu Kariakoo hakuna anayelaaniwa mapema kama mtu wa chuma chakavu. Jumapili saa moja asubuhi haijatimia, tayari ameingia na mkokoteni wake, na kile kipaza sauti cha betri alichokifunga kwenye mpini kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Maneno ameyarekodi mara moja tu, yanajirudia yenyewe: chuma chakavu, friji mbovu, feni mbovu, pasi mbovu, betri za gari, sufuria zilizotoboka, TV za chogo. Hakuna nukta wala pumzi. Aliyelala anaamka, mtoto mchanga anaanza kulia, mgonjwa wa ghorofa ya pili anauliza ni nani tena huyo. Wamemwita teja, wamemwita kibaka, na mama mmoja wa jengo la jirani aliwahi kummwagia maji kutoka roshani. Sasa kuna watu wanataka serikali ya mtaa impige marufuku kabisa. Mimi nasema kwa moyo wangu wote kwamba kati ya wote wanaopiga kelele mjini hapa, huyu ndiye mwenye manufaa kuliko wote.

Malalamiko makubwa ni ya kelele, basi tuanzie hapo. Sijui nani aliyewahi kuikuta Kariakoo kimya, tangu Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916 na kuweka hapa kambi ya wapagazi wao wa vita. Alfajiri tunaadhiniwa kutoka Kwa Mtoro na Manyema. Jumapili kwaya zinaanza mapema. Ikifika saa tatu wauza nguo wa Mtaa wa Congo wamewasha spika zao, buku, buku, chagua buku, na pembeni yao duka la simu linapiga singeli hadi vioo vinatetemeka. Siku ya Simba na Yanga ndiyo usiseme: matarumbeta yanatoka Msimbazi kwa Simba, matarumbeta mengine yanatoka Jangwani kwa Yanga, na katikati tupo sisi wenye makazi hapa.

Sauti hizi tumezizoea, na nyingi tunazipenda. Lakini ukizisikiliza utaona kwamba zile za biashara na za starehe zote zinakuambia uongeze. Nunua kiatu, nunua spika, nunua jezi ya msimu mpya ingawa ya msimu uliopita haijapauka. Sauti za dini ndizo zinazokuambia upunguze. Ila imamu akishamaliza hotuba ya Ijumaa kuhusu watu wanaoshindana kulimbikiza mpaka wanaingia kaburini, anateremka mimbari, na friji mbovu inabaki ukumbini kwako. Mchungaji naye akishafundisha habari za hazina inayoliwa na kutu, anafunga kitabu na kuwabariki waumini, na feni iliyoungua inabaki juu ya kabati. Siwalaumu, kazi yao ni kufundisha. Ninachosema ni kwamba hakuna kati yao anayekuja na mkokoteni.

Nyumba yetu ni moja ya nyumba chache za Kiswahili zilizobaki: vyumba sita, ukumbi katikati, uani nyuma. Majirani wengi wameshauza au wameingia ubia na wajenzi, na palipokuwa na baraza la kukaa jioni sasa pana ghorofa lenye fremu za maduka kuanzia chini hadi juu. Katika mtaa ambao mtu anatoa kilemba cha mamilioni ili tu apate fremu ya kusimama yeye na meza yake, sisi tulikuwa na chumba kizima kimejaa vitu visivyofanya kazi. Friji isiyogandisha. Feni za dari. Cherehani lisilo na mkanda. Baiskeli ya Swala, zile zilizotengenezwa na kiwanda chetu wenyewe, imebaki fremu na usukani. Deki ya kanda za video. Redio ya National ya marehemu baba. Na TV ya chogo, inchi 21, nzito kiasi kwamba kuisogeza kulihitaji vijana wawili. Chumba hicho tulikiita stoo, na mgeni akija kutoka Kilwa alilala sebuleni kwenye mkeka.

Asiyetujua angesema ni uchoyo. Mimi naona wazee wetu walifundishwa hivyo na uhaba. Baada ya vita vya Kagera, mwanzoni mwa miaka ya 1980, sabuni, dawa ya meno na betri za redio vilikuwa vitu vya kupatikana kwa kujuana. Feni iliyoungua mwaka 1982 ilikuwa bado ina panga, ina gamba, ina waya. Ilikuwa ghala la spea. Halafu mwaka 1983 ikaja vita dhidi ya wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine. Aliyekuwa na katoni za sabuni chini ya kitanda, au kifaa ambacho hakuweza kueleza amekipataje, alikosa usingizi. Wapo waliotoka usiku na kutupa mali barabarani, wapo walioitupa baharini. Kizazi kile kikatoka hapo na mafunzo mawili yanayovutana: usitupe kitu, na usionekane na kitu. Mafunzo hayo ukiyaunganisha unapata stoo yenye kufuli. Mzee Mwinyi alipoingia madarakani mwaka 1985 akafungulia biashara zaidi, bidhaa zikajaa hadi kando ya barabara, lakini ufunguo wa stoo ulikuwa umeshakuwa desturi ya nyumba.

Sasa tazama jinsi vitu vinavyotutoka mjini hapa. Hofu ilivitoa 1983. Maji yalivitoa Desemba 2011, bonde la Msimbazi lilipofurika, na watu wa Jangwani wakaona magodoro na makabati yao yakienda na mto. Familia nyingi baadaye zilihamishiwa Mabwepande zikiwa na zilichookoa mikononi. Moto ulivitoa usiku wa tarehe 10 Julai 2021, lilipoungua Soko Kuu la Kariakoo, lile jengo la miavuli ya zege alilolibuni Beda Amuli na kufunguliwa 1975. Miezi sita baadaye, Januari 2022, soko la Karume nalo likateketea, na mtu aliyelala na belo za mitumba akaamka na majivu. Na juu ya yote hayo kuna mauti, ambayo humwacha mwenye mali akiwa hana la kusema huku ndugu wakigawana mashati yake.

Hakuna kimojawapo kati ya hivyo kinachopiga hodi. Mtu wa chuma chakavu anapiga hodi. Anasimama mlangoni, anazima spika, anasubiri aitikiwe. Kati ya njia zote ambazo mali humtoka mtu wa Kariakoo, yake ndiyo pekee ninayoijua inayoomba ruhusa, na hili ndilo jambo ninalotaka majirani zangu walitafakari kabla ya kumwaga ndoo nyingine ya maji.

Nimeyaona haya nyumbani kwetu. Ile TV ya chogo baba aliinunua baada ya vituo vya televisheni kuanza Bara mwaka 1994. Kabla ya hapo starehe yetu ilikuwa redio. Ndiyo iliyotuletea kipindi cha Ugua Pole, ndiyo iliyotuletea Mama na Mwana na sauti ya Debora Mwenda, na ndiyo iliyotutoa machozi mtaa mzima mwaka 1993, Simba ilipofungwa mabao 2 na Stella ya Abidjan fainali ya Kombe la CAF, hapa hapa Uwanja wa Taifa. Baba hakula usiku ule. TV ilipoingia ikawekwa ukumbini, mlango ukawa wazi kwa kila mtu. Watoto walikaa sakafuni, kina mama kwenye mkeka, wanaume wakasimama mlangoni kama wapita njia. Michezo ya kuigiza ya kundi la Kaole tuliitazama hapo. Senegal walipoifunga Ufaransa kwenye Kombe la Dunia 2002, jirani mmoja aliruka akavunja stuli. Mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam usiku wa kuamkia mwaka 2013, tukanunua king'amuzi, chogo likaendelea kudunda. Kisha picha ikajikunja ikawa mstari mmoja mweupe, fundi akasema ndiyo basi, na TV bapa ikatundikwa ukutani. Chogo likaingia stoo. Baba naye hakukaa sana baada ya hapo.

Miaka ikapita, nasi watoto tukawa tunamwuliza mama kila mara: kwa nini unalitunza? Tulidhani tunamsaidia. Kila tulipouliza, ilimbidi atafute sababu, na sababu ilikuwa moja tu, nayo haisemeki mbele ya watoto bila machozi. Kwa hiyo alisema litatengenezwa. Swali letu lilimfanya amtetee marehemu, na mtu anayemtetea marehemu hawezi kushindwa kwa hoja.

Siku yule kijana alipopita, mama alikuwa barazani anapembua mchele. Spika ikazimwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mama, mna chogo humo ndani? Inatoka?"

Hakuuliza ni ya nani. Hakuuliza ilikuwa inaonyesha nini, wala nani alikaa kiti kipi. Alilibeba, akalitundika kwenye mizani yake ya ndoano, akaeleza kwamba anachotaka ni shaba iliyo shingoni, kwamba plastiki ina bei kidogo na kioo hakina soko. Akataja pesa. Ilikuwa pesa ndogo sana, haitoshi kununua kuku. Mama akaitazama mizani, akamtazama kijana, akasema, "Chukua."

Nimefikiri sana kwa nini iliwezekana kwake na haikuwezekana kwetu. Nadhani ni kwa sababu alimpa mama jibu la swali ambalo sisi tulikuwa tunaogopa kulitamka, yaani kitu hiki kina thamani gani sasa. Jibu likawa kilo kadhaa na shilingi kadhaa. Jioni zile za ukumbini hazikupanda kwenye mizani, kwa hiyo hazikuuzwa, na mama aliliona hilo waziwazi pale pale barazani. Ile pesa aliipeleka msikitini ikaingia kwenye mchango wa maji ya kunywa ya Ijumaa, nia akaielekeza kwa baba. Hotuba alizozisikia maisha yake yote zilikuwa zimemwambia afanye hivyo. Aliyemwezesha ni kijana mwenye mkokoteni.

Redio ya National kijana aliiona pia. Akauliza, mama akasema hiyo haitoki, akaiacha. Ruhusa ya kweli ina ndani yake haki ya kukataa, na hiyo nayo ni heshima ambayo maji, moto na mauti hayakuwahi kumpa mtu yeyote.

Watasema mizani yake inapunja. Inawezekana. Mimi sibishani naye, kwa sababu mtu akianza kupigania nusu kilo ya feni iliyoungua, feni hiyo imeshamrudia rohoni, na kesho ataikuta stoo.

Kuna jambo jingine ambalo limenifanya nimpende zaidi, nalo linatuhusu sisi tunaojiita wakarimu. Kabla yake tulikuwa na njia moja ya kuachana na kitu kibovu bila aibu: kumpa asiye na uwezo wa kukataa. Pasi inayorusha shoti akapewa dada wa kazi. Friji isiyogandisha ikapandishwa basi kwenda kwa shangazi kijijini, nauli ya mzigo tukalipa, tukajihesabia thawabu. Shangazi akashukuru kwenye simu, akaiweka chumbani anatunzia unga. Hiyo haikuwa sadaka, tulikuwa tumehamisha stoo. Dini zetu zote mbili zinasema wazi kwamba utoaji ni wa kile unachokipenda, na mimi sijaona mtu anayependa pasi inayorusha shoti. Mtu wa chuma chakavu anatuondolea unafiki huo. Kitu kibovu anakiita kibovu tangu mbali, tena kwa spika, mtaa wote usikie. Kilicho kizima kinabaki nyumbani, na hicho ndicho cha kumpelekea shangazi.

Na vitu vyenyewe haviendi kupotea. Ukishuka Gerezani utawakuta mafundi wanagonga mabati na madebe kuwa majiko ya mkaa, na masanduku ya watoto wanaokwenda bweni. Aluminiamu inayeyushwa na kusubiwa sufuria. Chuma kizito kinakwenda kwenye viwanda vya nondo, na nondo zinarudi huku huku kujenga maghorofa yanayotuzunguka. Inawezekana kabisa mguu wa cherehani letu sasa umeshikilia fremu ya mtu aliyelipa kilemba. Kijana mwenyewe mara nyingi ametoka mkoani bila mtaji. Mwenye yadi ya chuma chakavu anamkabidhi pesa ya kununulia asubuhi, jioni anapima alicholeta na kukata chake. Faida yake ni ile tofauti ndogo kati ya mizani mbili, na kwa hiyo anakula, anapanga chumba Buguruni, na anatuma kwao.

Lipo la wizi, na sitalipita pembeni. Mifuniko ya chemba imeibwa, mtu akatumbukia. Alama za barabarani zimeng'olewa. Nyaya za umeme zimekatwa, vyuma vya reli vimefunguliwa. Vitu hivyo huishia yadi fulani, juu ya mizani fulani, mbele ya mtu ambaye hakuuliza. Ile sifa niliyoisifu, ya kutouliza, ndiyo tundu anamopitia mwizi. Lakini kuna maswali mawili hapa na watu wanayachanganya. Kwa nini unakiacha? Hilo ni la moyo, na asiulize kamwe. Ni cha nani? Hilo ni la haki, na lazima aulize kila mara. Yule anayepita kwetu analiuliza. Kijana mmoja wa mtaa alimletea dirisha la nondo usiku, akamwambia aje nalo mchana na mwenye nyumba. Mfuniko wa chemba hauhitaji hata swali, kila mtu mwenye macho anajua ni wa nani, na mwenye yadi anayeupokea ndiye wa kushikwa kwanza, kabla ya mwenye mkokoteni.

Lipo pia la moshi. Wapo wanaochoma nyaya ili plastiki iyeyuke ibaki shaba, na moshi ule mweusi unaingia vifuani mwa watoto. Vioo vya chogo vina risasi ndani yake, na mimi mwenyewe nimeviona vimetupwa mtaroni upande wa bondeni. Kanuni za mazingira zinamtaka anayefanya biashara ya taka za namna hii awe na kibali, na ni vizuri ziwepo. Ila kibali kikidaiwa kwa mwenye mkokoteni peke yake, huku yadi kubwa zikiachwa, tutakuwa tumemfukuza aliyepiga hodi na kumwacha aliyechoma.

Mkutano wa mtaa utakapoitishwa nitakwenda, na nitasema haya. Apangiwe muda: aanze saa tatu asubuhi, amalize kabla ya magharibi. Azime spika mbele ya msiba, mbele ya msikiti na kanisa wakati wa ibada, na mbele ya nyumba yenye mgonjwa ikiwa wenye nyumba wameomba. Avae kitambulisho kifuani chenye jina la yadi anayoiuzia. Nyaya zivuliwe kwa kisu, zisichomwe, na chogo linunuliwe zima na kioo chake, bei ipungue ikibidi. Yadi ziandike kwenye daftari jina la kila anayeleta mfuniko, nguzo au waya mnene. Anayetaka kuuza kitu cha nyumba ya urithi aje na ndugu mmoja. Hili la mwisho majirani wengine watalipinga kwa sababu litawachelewesha, nami nitalisimamia, maana nimeona ndugu waliogombana mahakamani kwa ajili ya milango ya nyumba iliyokwishavunjwa. Mwenyekiti akikubali, tangazo la kubandika ofisini nitaliandika mimi.